Eti Betri Mpya Ichajiwe kwa Saa Nane

Ushauri wa kompyuta haufi pamoja na kompyuta yenyewe. Mashine iliyonunuliwa mwaka 1998 ilishauzwa zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini maneno aliyousiwa mwenye nayo siku anaichukua dukani bado yanatembea. Aliyapokea mpwa wake, mpwa akampa jirani, jirani akayarusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na leo yanamfikia mtu ambaye simu yake haina kifaa hata kimoja kinachofanana na ile mashine. Ndiyo maana mengi tunayoambiwa hayakutungwa na waongo. Yalikuwa kweli, ila ni kweli ya chombo kilichokwisha kufa. Mengine ni ya kutunga kabisa, na yapo yanayomlisha mtu. Yapo pia yaliyo kweli huko yalikoandikwa, ambako umeme haukatiki ovyo, lakini yakifika kwetu yanapinda.

Eti betri mpya ichajiwe kwa saa nane kabla ya kuwashwa, kisha usichaji tena mpaka iishe kabisa

Ilikuwa kweli. Leo ni uongo.

Muuza simu wa Kariakoo anakukabidhi boksi, anakuhesabia chenji, na kabla hujageuka anakuusia: "Kachaji kwanza masaa nane." Ana nia njema. Agizo hilo limerithiwa kutoka zama za betri za nikeli na kadimiamu, zile za simu za mkononi za mwanzo na redio za upepo. Betri hizo zilikuwa na tabia ya kuzoea: ukizichaji kila mara zikiwa nusu, baada ya muda zilikuwa zinachoka zikifika hapo hapo nusu, kama vile sehemu iliyobaki haipo. Kuzimaliza kabisa ndiyo ilikuwa dawa yake.

Betri ya lithiamu ayoni iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na ndiyo iliyomo kwenye simu na laptopu yako. Wanasayansi waliojenga msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97. Betri hii haina mazoea yale. Kuimaliza kila siku mpaka simu izime ndiko kunakoichosha, na ukiiacha kabatini ikiwa sifuri kwa miezi kadhaa unaweza kukuta haiamki tena. Raha yake ni kukaa katikati, baina ya asilimia 20 na 80.

Na kuiacha kwenye chaja usiku kucha? Simu ikijaa inakata yenyewe. Adui wa betri hii ni joto. Simu iliyolazwa chini ya mto huku inachaji, simu iliyoachwa mbele ya kioo cha gari mchana wa Januari jijini Dar es Salaam, laptopu inayopiga kazi juu ya godoro huku matundu yake ya hewa yamezibwa na blanketi: hizo ndizo zinazozeeka kabla ya siku zake.

Laptopu nyingi za siku hizi zinaweza kupangwa zisichaji kupita asilimia 80, kwa ajili ya wale wanaoziacha zimechomekwa daima. Waandishi wa Ulaya na Marekani wanausifu sana mpangilio huo. Mimi nasema angalia mtaa wako kwanza. Kama umeme wenu hukatika bila taarifa na una kazi ya kupeleka asubuhi, jaza mpaka 100 ulale. Betri imenunuliwa itumike, na asilimia chache za uhai wake ni rahisi kuliko kazi iliyokosa kufika.

Eti ekstensheni yenye taa nyekundu inailinda kompyuta

Uongo.

Zile za bei ndogo, ukizifungua (zikiwa zimechomolewa ukutani, tafadhali) utakuta vipande virefu vya bati la shaba, swichi, na kitaa ambacho kazi yake ni kukujulisha kwamba umeme upo. Basi. Zenye ulinzi wa kweli zina kidude cha duara, mara nyingi cha bluu, chenye ukubwa wa kifungo cha shati, ambacho humeza umeme unaopanda ghafla. Hata hicho huchakaa kila kinapopigwa, na hakikuambii kimechakaa.

Kwetu, umeme unaporudi ni hatari kuliko unapokatika. Ukikatika saa moja jioni, mafriji, pampu za maji, pasi na feni za mtaa mzima hubaki zimewashwa. Ukirudi, vyote vinadai kwa pamoja: volti inashuka, inaruka, inashuka tena, halafu inatulia. Vifaa huungua ndani ya sekunde hizo. Ile gadi ambayo watu huichomeka kwenye friji imetengenezwa kwa ajili ya hapo. Inapima volti, ikiwa chini mno au juu mno inakata, na umeme ukirudi inasubiri dakika chache kabla ya kufungulia. Stebilaiza kazi yake ni kunyoosha volti inayopanda na kushuka mchana kutwa. UPS nayo inakupa dakika za kuhifadhi kazi yako na kuzima kwa ustaarabu. Ni vitu vitatu vyenye kazi tatu, na muuzaji asiyejua tofauti atakuuzia kile kilichobaki kwenye shelfu.

Laptopu ina nafuu. Soma maandishi madogo kwenye chaja yake: 100–240V, 50/60Hz. Inakubali umeme wetu wa volti 230 na wa Marekani wa 120 bila kubadilishiwa chochote, na betri yake ndiyo UPS yake. Anayenunua stebilaiza kubwa kwa ajili ya laptopu peke yake angeipeleka hela hiyo kwenye friji.

Kompyuta ya mezani ya mtumba ni habari nyingine. Zile za zamani, hasa zilizotokea Marekani, zina swichi ndogo nyekundu mgongoni, karibu kabisa na pale unapochomeka waya wa umeme, imeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Inasogezwa kwa ncha ya bisibisi. Ukiichomeka kwenye ukuta wa Mwanza au Mombasa ikiwa kwenye 115, haimalizi hata sekunde: mlio, harufu ya kuungua, na kapasita zimepasuka. Mashine za karibuni zinachagua zenyewe. Lakini blenda, mashine ya kukaushia nywele na baadhi ya printa alizotuma shangazi kutoka Texas hazichagui kitu. Zikiwa zimeandikwa 120V peke yake, tafuta transfoma ya kushusha umeme au ziache kwenye boksi lake, hata kama shangazi atauliza.

Eti radi ikianza kupiga, funika vioo, zima simu na chomoa TV

Moja kati ya matatu.

Kioo hakiiti radi, na simu iliyo mkononi isiyochomekwa popote haiiti pia. Kuchomoa ndiko kwenye maana, kwa sababu radi hupenda kuingia kwa kupitia waya. Wengi huchomoa TV ukutani wakasahau waya wa antena au wa dishi, na ruta wakaiacha na nyaya zake zote. Chomoa vyote. Hakuna gadi wala stebilaiza ya nyumbani ya kusimama mbele ya radi iliyopiga karibu.

Eti kompyuta ikiwa nzito ina virusi, ipigwe Windows upya

Mara nyingi ni uongo, na huu ndio unaokula hela za watu kuliko mwingine wowote.

Kompyuta huwa nzito kwa sababu nyingi, na virusi ni mojawapo tu. Kabla hujaibeba kwenda kwa fundi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, na humo utaona safu za CPU, Memory na Disk zikiwa na asilimia. Iache kompyuta itulie dakika tano bila kufanya chochote, kisha tazama. Ikiwa Disk inacheza kwenye 100 wakati hujafungua kitu, umepata mshukiwa mkuu: ile hadidiski ya kizamani yenye sahani inayozunguka, nyingi za laptopu zikiwa za mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono unaokimbia huku na huko kutafuta vipande vya mafaili. Mkono huo hauwezi kuchota zaidi ya mara mia moja hivi kwa sekunde. SSD, ambayo haina kinachozunguka, hufanya hivyo makumi ya maelfu ya mara. Kubadilisha hadidiski kwa SSD ndiyo dawa moja ambayo nimeona ikimrudishia mtu laptopu aliyokuwa ameshaikatia tamaa, na hakuna Windows itakayopigwa juu ya diski ileile ikatoa matokeo ya namna hiyo.

Ikiwa ni Memory iliyojaa, hesabu kurasa ulizofungua kwenye kivinjari, kisha angalia RAM yako. GB 4 zilitosha wakati Windows 10 inatoka mwaka 2015. Leo kivinjari peke yake kinaweza kuzimaliza. Laptopu nyingi huruhusu kuongezewa RAM, ingawa nyembamba za kisasa mara nyingi imegandishwa kwenye bodi na haitoki.

Lakini kupiga Windows ni kazi ya saa moja isiyohitaji kufikiri, na mteja huondoka ameridhika kwa sababu kweli mashine itakuwa nyepesi kwa wiki mbili tatu, mpaka programu zile zile zirudi. Ubaya zaidi uko kwenye Windows yenyewe. Nyingi za vibandani ni za kuvunjwa kufuli, na kifaa cha kuvunjia kinapowekwa, hatua ya kwanza inayodaiwa ni kuzima ulinzi dhidi ya virusi. Fundi anauzima. Kilichoingia hapo hakuna anayekijua, naye hakijui. Kwa hiyo mteja aliyekwenda kuondolewa virusi ambavyo hakuwa navyo anaweza kurudi navyo, na amelipia. Sisemi mafundi ni wezi. Wengi wamejifunza hivyo kwa waliowatangulia, na mteja wetu naye hataki kusikia bei ya leseni.

Mtindo wa sasa ni kuambiwa kompyuta yako "imekufa" kwa sababu Windows 10 imefungwa. Haijafa. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai vitu ambavyo mashine nyingi za mtumba hazina, kama kile kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine itaendelea kuwaka kesho na mwakani. Kinachopungua ni kinga, kwa hiyo usiifanye ya miamala ya benki. Mwenye subira ajaribu Linux, ambayo ni ya bure na haihitaji kuvunjwa kufuli yoyote.

Eti Mac haipati virusi

Uongo. Mwaka 2012 programu hasidi iliyoitwa Flashback iliingia kwenye Mac zipatazo 600,000. Zinashambuliwa kidogo kuliko Windows, na hapo ndipo maneno haya yalipoanzia. Wenye Mac wanayapenda kwa sababu yanafariji bei waliyolipa.

Eti ukiizima na kuiwasha inapona

Kweli, lakini wengi hawaizimi.

Programu zinazoachwa zikifanya kazi siku nyingi hukusanya uchafu: kumbukumbu iliyochukuliwa isirudishwe, kidereva cha printa kilichojikwaa, kitu kinachomsubiri kitu kingine kisichokuja. Kuanza upya kunafagia hayo yote. Sasa ipo siri moja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza Shut down, kompyuta nyingi hazizimi moyo wa mfumo. Huuhifadhi kwenye diski kama ulivyo ili kesho ziwake haraka. Uchafu unalala nao na kuamka nao. Ukibonyeza Restart ndipo kila kitu huanza upya kweli. Kwa hiyo yule anayeapa kwamba ameizima mara tatu na bado inazingua anasema kweli, na anayemwambia "umeizima kweli wewe?" naye ana hoja. Bonyeza Restart.

Ushauri huu ulikuwa sahihi zamani na ni sahihi leo, mbinu tu ndiyo iliyobadilika chini ya miguu yetu bila kutangazwa.

Eti nimeibiwa dukani, diski ya TB 1 inaonyesha GB 931

Uongo, hujaibiwa.

Mtengenezaji anahesabu kwa elfu: TB 1 ni baiti trilioni 1. Windows inahesabu kwa 1,024, na trilioni hiyo ukiigawa kwa hesabu yake inatoka 931. Ni diski ileile. Flashi ya GB 64 nayo itasoma karibu 59.6. Watu wamegombana na wauzaji wasio na kosa kwa ajili ya hesabu hii, na wakati huohuo wakatoka dukani wakicheka na kitu kifuatacho.

Eti nimeokota bahati, flashi ya TB 2 kwa bei ya kuku na chipsi

Hapa ndipo umeibiwa.

Zinauzwa Kariakoo, zinauzwa Luthuli Avenue jijini Nairobi, zinauzwa kwa meza za barabarani Kampala, na kwenye maduka ya mtandaoni zina picha nzuri na nyota tano. Ukiichomeka, kompyuta inakuonyesha TB 2 bila wasiwasi. Hiyo ndiyo hila yenyewe: namba unayoiona haitokani na kupimwa kwa hifadhi, inatokana na jibu la kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya flashi. Kompyuta inauliza, "Una ukubwa gani?" nacho kinajibu kilivyofundishwa kudanganya. Ndani kunaweza kuwa na GB 16 au 32.

Unaanza kunakili. Video ya harusi ya kwanza inaingia, unaifungua, inacheza. Unaridhika. Ukishapita ukubwa wa kweli, flashi inaendelea kupokea kana kwamba nafasi ipo, na inachokipokea ama inakitupa ama inakiandika juu ya kile cha mwanzo. Majina ya mafaili yanabaki yote, ukubwa wao umeandikwa vizuri, tarehe zipo. Siku bibi harusi anapokuja kudai video yake, faili halifunguki. Na mpiga picha alishafuta ya kwenye kamera, kwa sababu alikuwa na TB 2.

Ipo programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw inayoijaza flashi yote kwa data kisha kuisoma upya na kulinganisha. Huchukua saa nyingi kwa flashi kubwa, na huo ndio muda wa kuipa flashi mpya kabla ya kuiamini na harusi ya mtu. Asiyetaka hayo yote atumie kipimo cha bei: hifadhi ina bei yake ya dunia nzima, na anayekuuzia kwa sehemu ndogo ya bei hiyo hajakupendelea.

Eti alama za waifai zimejaa, kwa hiyo intaneti iko kasi

Uongo. Alama zile zinapima nguvu ya mawimbi kati yako na ruta iliyo sebuleni. Kutoka kwenye ruta kwenda nje, zenyewe hazijui lolote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika karibu na Afrika Kusini, intaneti ilisuasua Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na alama za waifai zilibaki zimejaa nyumba nzima.

Jambo la pili ni kipimo. Ukiuziwa mega 10 kwa sekunde, hizo ni megabiti, na baiti moja ina biti nane. Faili litashuka kwa megabaiti 1.25 kwa sekunde likienda vizuri. Kampuni hutangaza kwa biti kwa sababu namba inakuwa nene. Si uongo wa kisheria, lakini wanajua unachofikiri ukiisoma.

Na ruta isifichwe nyuma ya TV wala kwenye kabati la chuma. Iweke juu, mahali pa wazi, mbali na maikrowevu, ambayo ikipasha ugali hutumia mawimbi ya jirani kabisa na yale ya waifai ya gigahezi 2.4. Kuta nene za zege zitakula sehemu yake, hilo halina dawa ya bure.

Eti dirisha la siri la kivinjari linakuficha

Linakuficha kwa mkeo, mumeo na watoto, yaani kwa anayeshika kompyuta ileile baada yako. Mwajiri mwenye mtandao, kampuni inayokuletea intaneti na tovuti unazozitembelea wote wanaweza kukuona kama kawaida. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 na watumiaji waliodhani wamejificha, na mwaka 2024 ikakubali kuharibu kumbukumbu nyingi ilizokusanya kwao.

Eti simu ikiingia maji izikwe kwenye mchele

Uongo, na mchele unabaki na kazi yake.

Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya simu kwa kasi ya maana kuliko hewa ya kawaida, na vumbi lake na wanga huingia kwenye tundu la chaja. Apple iliandika wazi mwaka 2024 kwamba wateja wasifanye hivyo. Zima simu mara moja. Usiichaji, usiijaribu "kuona kama bado inawaka," maana maji peke yake hayaiunguzi. Umeme unaopita ndani ya maji ndio unaoiunguza. Ishike tundu la chaja likitazama chini, ipigepige kiganjani, kisha iache penye upepo wa feni. Ikiwa imeingia maji ya bahari, usisubiri ikauke, kwa sababu chumvi itabaki na kuanza kula bodi. Hiyo ni ya fundi siku ileile, aifungue na kuisafisha.

Eti nywila ibadilishwe kila mwezi

Ilikuwa amri, sasa imefutwa na walioitoa. Mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliandikwa na Bill Burr, na kutoka hapo ofisi za dunia nzima zikaanza kuwalazimisha watu herufi kubwa, namba, alama na mabadiliko ya mara kwa mara. Mwaka 2017 NIST ilibadilisha msimamo, na Burr mwenyewe akasema hadharani kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Watu walikuwa wanatoka Juma2023! wanakwenda Juma2024!, na kuziandika kwenye karatasi chini ya kibodi. Nywila ndefu ya maneno manne yasiyohusiana, isiyotumika mahali pengine, ni bora. Ibadilishe ukisikia imevuja.

Eti tuma ujumbe huu kwa watu 10, la sivyo WhatsApp itaanza kulipisha

Uongo, lakini una babu yake. Mpaka Januari 2016 WhatsApp kweli ilikuwa na ada ya dola 1 kwa mwaka kwa baadhi ya watumiaji. Ada ikafutwa, ujumbe ukabaki.

Eti nimefomati, sasa naweza kuuza

Inategemea umefomati nini.

Kufuta faili kwenye hadidiski ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: sura zote bado zimo, ila hakuna anayeelekezwa kwenye ukurasa wake. Kufomati kwa haraka, kule kunakomalizika kwa sekunde chache, ni hivyohivyo. Zipo programu za bure zinazosoma sura hizo moja baada ya nyingine, na mnunuzi wa laptopu yako hahitaji kuwa jasusi kuzitumia. Picha za watoto, nakala ya kitambulisho, barua za benki zinatoka.

Kwa kompyuta ya Windows, tumia njia ya kurudisha mfumo upya iliyo kwenye Settings, chagua kuondoa kila kitu, kisha ufungue machaguo ya ziada na uchague pia kusafisha diski. Hilo la pili ndilo watu hulipita, na huchukua saa kadhaa, kwa hiyo lianze usiku ikiwa kwenye chaja. Kwa simu hali ni nzuri zaidi. iPhone, na simu za Android zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi, huhifadhi kila kitu kwa fumbo, na ukizirudisha kama zilivyotoka kiwandani ufunguo wa fumbo hilo huharibiwa. Ondoa kwanza akaunti yako ya Google au ya Apple, la sivyo mnunuzi atakutana na kufuli na atakupigia simu saa nne usiku akikuita tapeli.

Hadidiski iliyokufa nayo usimwachie fundi "akatupe." Iombe urudi nayo, na ukifika nyumbani itoboe sahani zake kwa msumari na nyundo.